Bunduki Rahisi

Kila kitu kinunuliwacho kina bei mbili. Bei ya kwanza hutajwa na mwuzaji, nayo hulipwa mara moja. Bei ya pili haitajwi na mtu. Hulipwa kidogo kidogo nyumbani, mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka, mpaka kitu kitoke mkononi mwa mwenyewe, au mwenyewe atoke duniani. Ng'ombe ana bei ya mnadani, tena ana bei ya majani, maji na dawa. Baiskeli ina bei ya dukani, tena ina bei ya matairi. Wahenga waliosema kuwa rahisi ni ghali walikuwa wameipima bei hii ya pili. Katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, bei zote mbili katika kitu ambacho yamkini hukutazamia mwalimu akitolee mfano, nacho ni bunduki ya kuwindia ndege.

Usishtuke. Sikufundishi kupiga bunduki, wala sikushawishi kuitamani. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba mfano mmoja ulioonwa kwa macho hushinda mifano kumi iliyosikiwa kwa masikio. Bunduki ninayoisimulia niliiona kwa macho yangu tangu utoto. Ilikuwa mali ya mjomba wangu, karani wa serikali, aliyejenga nyumba yake Kitengela wakati mji huo ulipokuwa bado safu moja ya maduka kando ya barabara ya Namanga. Siku hizo, mvua ziliponyesha, nyumbu na punda milia walitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini hauna uzio, wakasambaa katika nyanda za Athi na Kapiti hata karibu na Isinya. Leo nyanda hizo zimekatwa viwanja, na mahali pa nyasi pamesimama nguzo, nyaya na nyumba za mawe.

Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini. Walakini kwa miaka kadhaa baadaye ndege wa kuliwa waliendelea kuwindwa kwa leseni, na mjomba alikuwa miongoni mwa wachache waliopenda kutembea nyikani kutafuta kanga na kwale. Mwaka 1994, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu, alikwenda Nairobi kununua bunduki. Habari za safari hiyo alinisimulia mara nyingi hata nikazijua kana kwamba nilifuatana naye.

Kwanza yafaa ujue ni bunduki ya namna gani aliyoitaka. Bunduki ya askari hutoa risasi moja iendayo mbali kwa njia iliyonyoka. Bunduki ya marisau hutoa chembe nyingi kwa pamoja, nazo hutawanyika hewani mithili ya mbegu zirushwazo na mpanzi. Risasi moja yenye gramu 28 za chembe zenye unene wa milimita 2.4 hubeba chembe zaidi ya 300. Nguvu zake ni za karibu. Ndege akizidi umbali wa mita 35 au 40, chembe zimekwisha kuachana, na mwindaji mwenye huruma humwacha aende. Maana ndege aliyejeruhiwa akapotea majanini ni hasara kwake na kwa mwindaji.

Upana wa kasiba, yaani bomba la bunduki, huhesabiwa kwa desturi ya kale. Kipimo cha 12 maana yake ni kwamba tufe la madini ya risasi litoshalo katika kasiba hiyo lina uzito wa sehemu moja ya kumi na mbili ya ratili. Matufe kumi na mawili hutimiza ratili moja. Kwa hiyo kasiba ya kipimo cha 20 ni nyembamba kuliko ya kipimo cha 12, ingawa 20 ni nyingi kuliko 12. Ya kwanza ina upana wa milimita 15.6 hivi, ya pili milimita 18.5 hivi. Mjomba alichagua kipimo cha 12 kwa sababu moja ya busara: risasi zake ndizo zipatikanazo kwa wingi. Bunduki isiyo na risasi, alisema, ni fimbo ya bei kubwa.

Mwuza silaha alimwekea bunduki tatu juu ya meza. Ya kwanza ilitoka Uingereza. Ilikuwa na kasiba mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, kitako cha mti wa mjozi uliong'aa, na nakshi za majani katika chuma chake. Bei yake ilitosha kununua kiwanja. Ya pili ilikuwa ya kasiba moja, nyepesi na rahisi kupita zote. Ya tatu ilikuwa Baikal, iliyoundwa Izhevsk katika nchi ya Urusi. Kasiba zake mbili zilikaa moja juu ya nyingine. Mbao zake hazikuwa na mng'aro, na chuma chake hakikuwa na urembo wowote.

"Bwana," mwuzaji alimwambia, "hii ya kwanza ni bunduki ya kiungwana."

"Uungwana wa bunduki," mjomba alijibu, "umo katika mkono wa mwenyewe."

Akaiweka kando. Kisha akaitazama ya kasiba moja. Bei yake ilimvutia, lakini alijiuliza maswali mawili. Ndege wa pili akiruka baada ya wa kwanza, atampiga kwa nini? Na teke la bunduki nyepesi, likirudiwa mara hamsini kwa siku moja, bega lake litalistahimili? Uzito wa bunduki hulimeza teke lake. Bunduki nyepesi humpa mpigaji teke zima. Basi rahisi kupita zote ikamshinda kwa wepesi wake, na ghali kupita zote ikamshinda kwa bei yake. Ikabaki ile ya Kirusi.

Hata hivyo hakutoa fedha papo hapo. Aliomba aipime. Mwuzaji aliikunjua katikati, wote wawili wakachungulia ndani ya kasiba, wakaona mwanga upande wa pili, wakahakikisha kuwa ni tupu. Ndipo mjomba alipofumba macho, akaiinua bunduki kuelekea ukutani, akaegemeza kitako begani na shavu lake juu ya mti, kisha akafumbua macho. Jicho lake la kuume lilijikuta limekaa sawa juu ya kasiba bila shingo kupinda wala kichwa kuinuka. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa hivyo hivyo. Hapo alijua kwamba bunduki imemkubali. Kitako kikiwa kirefu mno hunasa katika nguo kwapani. Kikiwa kifupi mno, mkono huipiga pua. Fundi anaweza kukipunguza kirefu kwa msumeno, lakini kukirefusha kifupi ni kazi ya viraka.

Wewe pia unaweza kulijua jicho lako kuu sasa hivi bila bunduki yoyote. Nyosha mkono, elekeza kidole kwenye mti ulio mbali, macho yote mawili yakiwa wazi. Kisha fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki mtini, jicho lako kuu ni la kuume. Kikiruka kando, jicho lako kuu ni la kushoto. Mtu awezaye kutumia mkono wa kulia vizuri huweza kuwa na jicho kuu la kushoto, akakosa shabaha miaka mingi, akailaumu bunduki.

Kupima chombo kwa mwili wa mtumiaji si elimu ya wageni katika nchi ya Kajiado. Vijana wa Kimaasai waliotoka kutahiriwa, katika kipindi chao cha kuvaa nguo nyeusi, walizoea kuwinda ndege wadogo wa rangi nzuri na kuwapanga katika taji la kichwani. Silaha yao ilikuwa upinde mwepesi na mishale butu, butu kwa makusudi, ili manyoya yasiharibike. Hawakuchukua upinde wa mzee wala mshale wa vita. Kazi ilikuwa ndogo, na silaha ikafanywa ndogo kama kazi.

Mjomba aliinunua bunduki ile, naye alipata alichokilipia pamoja na ila yake. Ila yake ilikuwa uzito. Ilikaribia kilo tatu na nusu, na mwindaji wa kwale hutembea kutwa. Kanga hupenda kukimbia kuliko kuruka, akamvuta mwindaji kilomita nyingi. Kwale hujibanza majanini hata ukamkaribia kumkanyaga, kisha huruka ghafula kwa kishindo. Mwindaji sharti awe tayari wakati wote, na kilo tatu na nusu za asubuhi huwa kama kilo saba za alasiri. Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi nilifuatana naye nikibeba mkoba wake wa ngozi. Nilimsikia akiinung'unikia bunduki tulipokuwa tukirudi, lakini sikumsikia hata siku moja akiilaumu kwa kukataa kulia.

Nyakati zikabadilika. Nyasi zilipungua, nyumba zikaongezeka, naye mjomba akaacha kuwinda. Hatimaye Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilikataza uwindaji wote wa kujifurahisha nchini Kenya. Mtu akikuambia leo kwamba anatafuta bunduki ya kuwindia kwale katika nyanda za Kapiti, mwambie kuwa anatafuta njia ya kwenda mahakamani.

Walakini bunduki ya mjomba haikupata kutu. Alijiunga na watu waliopiga visahani katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kutokana na huruma na uhaba. Zamani huko Ulaya na Marekani, watu walishindana kwa kupiga njiwa hai waliofunguliwa kutoka vizimbani. Hata katika michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 1900, njiwa hai walipigwa. Baadhi ya watu walitumia matufe ya kioo badala ya ndege. Mwaka 1880 Mmarekani mmoja wa mji wa Cincinnati, George Ligowsky, alibuni kisahani cha udongo kilichoruka kwa kuzunguka na kuiga mruko wa ndege. Kisahani cha siku hizi kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105, nacho hakifinyangwi tena kwa udongo, bali huumbwa kwa lami na unga wa jiwe la chokaa, mawe ya namna ile ile yachimbwayo Kajiado kwa kutengenezea saruji.

Nilipokuwa mwalimu nilifuatana na mjomba siku za mapumziko, si kwa kupiga, bali kwa kuandika alama, maana mwalimu huaminiwa kwa kalamu. Niliona mengi. Niliona kwamba kila mtu aliichukua bunduki yake ikiwa imekunjuliwa katikati, ili kila jicho lione kuwa ni tupu. Asiyefanya hivyo aliambiwa aondoke, awe tajiri au maskini. Niliona bunduki yenye nakshi ikikosa visahani kumi, na bunduki isiyo na nakshi ikivunja ishirini na miwili kati ya ishirini na mitano. Tena niliona kwamba ila ya bunduki ya mjomba imegeuka kuwa sifa. Mpiga visahani hasafiri. Husimama mahali pamoja akapiga mara mia. Uzito uliomchosha mjomba nyikani ndio uliolilinda bega lake uwanjani. Chombo hakikubadilika, kazi ndiyo iliyobadilika.

Sasa nakuomba uhesabu pamoja nami bei ya pili. Mpiga visahani akipiga visahani 100 kwa mwezi, anatumia risasi 1,200 kwa mwaka. Kila risasi ikiwa na gramu 28 za chembe, amerusha gramu 33,600, yaani kilo 33.6 za madini. Madini hayo aghalabu ni ya risasi, nayo ni sumu. Kanga na kwale humeza changarawe za kusagia chakula katika firigisi zao. Wakimeza chembe za risasi badala ya changarawe, hudhurika bila kupigwa na mtu. Kwa sababu kama hiyo, tangu mwaka 2023 Umoja wa Ulaya umekataza marisau ya risasi kutumiwa katika ardhi oevu. Ongeza ada ya uwanja na bei ya visahani. Ongeza sanduku la chuma lililofungwa imara ukutani, maana bunduki hailali chini ya kitanda. Ongeza cheti cha kumiliki silaha, ambacho hutakiwa kufanywa upya kila mwaka, na safari za kukifuatia. Mjomba alizilipa gharama hizi zote miaka 24. Hakuwa na gari, wala hakuwa na suti ya pili.

Mwezi wa Oktoba 2018 mjomba alifariki dunia. Baada ya mazishi tulikaa sebuleni kugawana vitu vyake: kitanda, ng'ombe wawili, saa, vitabu. Bunduki ilikuwa katika sanduku lake, na ufunguo ulikuwa kwa mkaza mjomba. Binamu yangu, mwanawe wa kwanza, mwenye duka dogo la vifaa vya ujenzi, alisema kwa sauti ya uchungu, "Bunduki hii ni jasho la baba. Jasho la baba halipelekwi polisi. Tuifiche mpaka mambo yatulie."

Chumba kikanyamaza. Mkaza mjomba akanigeukia. "Mwalimu, sheria yasemaje?"

Nilimjibu, "Mama, cheti ni cha mtu, si cha nyumba. Mwenye cheti amekufa, na cheti chake kimekufa pamoja naye. Ikilala hapa kwa kufichwa, atakayefungwa si marehemu."

Binamu alinikasirikia. Aliniambia kwamba mimi ni mtoto wa dada, na mtoto wa dada hasemi juu ya mali ya nyumba hiyo. Neno hilo liliniuma, kwa kuwa aliyenilea shambani mwake na kunilipia karo ya chuo alikuwa baba yake. Lakini mkaza mjomba alikuwa amekwisha kuelewa. Alitoa ufunguo katika kanga yake, akauweka mezani. Wiki ile ile tuliarifu kituo cha polisi, bunduki ikapokewa na kuandikwa kitabuni, nasi tukapewa hati. Binamu alifuatana nasi njia nzima bila kusema neno. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Serikali iliamuru raia wote wenye silaha waende wakahakikiwe upya. Jioni ya siku tuliyoisikia habari hiyo, binamu alinipigia simu akaniuliza habari za wanafunzi wangu, jambo asilolifanya tangu matanga.

Baadaye alikuja kwangu kwa shauri jingine. Alitaka kuomba cheti kwa jina lake mwenyewe, kwa njia ya haki, ili bunduki irudi nyumbani. "Wengine hununua," alisema. "Mimi nimeipata bure. Ipo bunduki rahisi kuliko ya bure?"

Sikumpinga. Nilileta karatasi, tukakaa chini ya taa. Tuliandika risasi 1,200, kisha tukazipunguza hadi 600. Tukaandika cheti, ada, sanduku, nauli. Tukaandika pia fundi, maana marehemu alikuwa mrefu na mwanawe ni mfupi, na kitako kilitaka kukatwa. Jumla ya mwaka ilizidi karo ya binti yake aliyekuwa kidato cha pili. Aliuliza, je, akipiga mara moja tu kwa mwaka? Nikamwambia cheti hakipungui kwa kupiga haba, wala sanduku halipungui. Kinachopungua ni ustadi, na mtu asiye na ustadi mwenye bunduki mkononi ni hatari kwake na kwa jirani.

Aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe baba alikuwa tajiri."

"Hakuwa tajiri," nilimwambia. "Alikipenda kitu kimoja, akajinyima vingine ili akitunze."

Bunduki iliuzwa kwa kibali, kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni. Fedha zake zililipa karo ya mihula kadhaa. Mkaza mjomba aliuomba ule mkoba wa ngozi tu, nao huuchukua hata leo aendapo sokoni Kitengela kununua nyanya.

Basi ona, msomaji. Bunduki ile iliponunuliwa kwa fedha nyingi ilikuwa rahisi kwa baba, maana aliipima kwa mwili wake, kwa kazi yake na kwa mshahara wake, akaitumia miaka 24. Ilipopatikana bure ilikuwa ghali kwa mwana, maana haikuwa ya mwili wake, wala ya kazi yake, wala ya duka lake. Urahisi wa kitu hauandikwi katika kitu; umo katika uhusiano wake na mtu atakayekitunza.

Nakuachia zoezi. Twaa karatasi, chagua kitu kimoja unachokitamani sana, simu, pikipiki au mbuzi wa maziwa. Upande wa kushoto andika bei ya kwanza. Utaipata kwa kumwuliza mwuzaji. Upande wa kulia andika bei ya pili kwa mwaka mzima. Hii itakupasa umwulize mtu aliyekwisha kuishi na kitu hicho. Karatasi hiyo mwonyeshe mzazi wako kabla ya kumwomba fedha.